Muda wa saa nane Hamburg: jinsi ya kuutembea mji wa bandari meli ikiwa gatini

Mimi ni muuza dagaa wa Kibirizi, mwalo wa Kigoma. Utalii nilikuwa nauona kwa wageni tu: wanashuka Ujiji, wanapiga picha mnara wa Livingstone, wanauliza choo kiko wapi, wanaondoka. Hata mgebuka wa kubanika hawauonji. Nilikuwa nawacheka. Kisha mwaka 2024 serikali ikalifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, vichanja vyangu vikabaki vitupu, na binti yangu ambaye ni muuguzi Southampton akanipigia simu: "Mama, miaka sita unanikatalia kwa sababu ya dagaa. Haya, mwaka huu dagaa wako wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Nikaenda. Alikuwa amekwisha tulipia safari ya meli ya wiki moja, mimi, yeye na mwanawe wa miaka kumi na miwili: kutoka Southampton kwenda Zeebrugge, Hamburg na Rotterdam, kisha kurudi. Tangu niliporudi, kila mwenye mtoto Ulaya hapa Kigoma ananisimamisha njiani kuniuliza inakuwaje. Naandika mara moja, na nitaieleza Hamburg peke yake, kwa sababu huko ndiko nilikoshuka bila binti yangu. Mawimbi ya usiku yalimlaza kitandani, nikabaki na mjukuu anayezungumza Kiswahili cha kuungaunga.

Kwanza viza, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Ukipanda meli Uingereza ukashuke Ujerumani, unahitaji viza mbili: ya Uingereza, tena inayokuruhusu kutoka na kurudi, na ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, kwa ajili ya kukanyaga hizo bandari nyingine. Usidanganywe kwamba ukiwa abiria wa meli hawaulizi. Wanauliza kabla hujapanda, na asiyekuwa nayo anaweza kuachwa gatini na mabegi yake. Ya Schengen inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile utakayoingia kwanza, ndiyo maana mimi niliomba kwa Wabelgiji, wenye Zeebrugge. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada sasa ni euro 90. Alama za vidole zote nilizitoa Dar, kwa hiyo anayetoka Kigoma ajipangie kukaa. Mimi nilikaa Mbagala kwa mdogo wangu wiki tano, mpaka watoto wake wakaanza kuniuliza naondoka lini.

Usiku wa kuamkia Hamburg usilale sana. Mji ule hauko baharini. Uko karibu kilomita 100 ndani ya nchi kavu, juu ya mto Elbe, na meli inaupanda mto polepole saa nyingi. Julai kule kunakucha mapema kweli. Nikimaliza kuswali alfajiri nilipanda juu kwenye sitaha, nikaona kingo za mto ziko karibu pande zote mbili, nyumba, ng'ombe, mtu anatembeza mbwa wake. Meli yenye ghorofa nyingi namna ile inapita kama boti inayoingia mwaloni. Mjukuu wangu akasoma kibao ukutani: meli iliundwa Papenburg, Ujerumani. Nilimwambia arudie kusoma.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, na hilo neno Papenburg nimelisikia nyumbani kwangu mara nyingi kuliko majina ya shangazi zake. Liemba iliundwa huko huko mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaungwa tena hapa kwetu na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue, lakini kwanza wakazipaka mashine grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba. Wale waundaji wa Papenburg mpaka leo wanaunda meli za watalii. Basi nikajiona nimepanda mdogo wake Liemba, mdogo aliyesoma na kunenepa.

Sasa mji wenyewe.

Melini watakuuzia matembezi ya basi. Kataa, ila kama miguu inakusumbua. Bei ya mtu mmoja kwa nusu siku ilikuwa kubwa kuliko vyote tulivyotumia mimi na mjukuu kutwa nzima, chakula kikiwemo. Kisha basi linakupitisha mbele ya makanisa na kukushusha dukani. Mimi nilijiambia: huu ni mji wa bandari, nami nimekulia bandarini, basi nitashika kando ya maji tu, nisiingie ndani sana. Kwa saa nane inatosha, na hupotei, kwa sababu mto unauona wakati wote.

Uliza kwanza meli yako itafunga wapi, maana gati za meli za watalii ziko zaidi ya moja na zimetawanyika. Sisi tulifunga Altona, na ilikuwa Jumapili. Hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu umbali wa dakika kama kumi na tano kwa miguu, ukifuata mto kuelekea mjini, kuna soko la samaki la Jumapili asubuhi. Miezi ya joto linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri na saa tatu na nusu limekwisha. Shuka na kundi la kwanza, chai utainywa huko huko.

Pale sokoni nilisahau kwamba ni mgeni. Wauzaji wanasimama juu ya magari yao wanapiga kelele, wanamtania mteja mbele ya watu, wanajaza mfuko: samaki huyu, na huyu, na huyu tena, haya, bei ile ile! Mfuko ukishajaa wanaunyanyua juu watu wauone. Ni Kibirizi mtupu, isipokuwa hakuna nzi. Mwingine anauza matunda kwa kapu, ndizi anazirusha kwa watu. Kuna mikunga ya kukaushwa kwa moshi, myeusi inayong'aa, imelazwa kama fimbo za bakora. Nilimsogelea yule muuza mikunga, nikaubonyeza mmoja mgongoni kama ninavyobonyeza mgebuka kujua kama moshi umefika ndani. Akanitazama, akatazama kidole changu, akacheka, akanikatia kipande cha kuonja bila kusema neno. Wenye kazi moja hujuana.

Ndani ya jumba la mnada wa zamani, la mwaka 1896, la matofali na vyuma, kuna bendi inapiga muziki wa magitaa na watu wanakunywa bia saa mbili asubuhi. Wengine ndiyo wanafunga usiku wao. Nilichungulia nikatoka.

Chakula cha pale ni mkate wa duara uliotiwa samaki na vitunguu. Nilinunua wa heringi mchanga wanayemwita Matjes, nikauma, nikatafuna, laini kama siagi. Nilipofika katikati nikamwuliza mjukuu, huyu amepikwa vipi? Akauliza, akarudi: "Bibi, hajapikwa." Ni wa chumvi tu, amelazwa kwenye chumvi mpaka akaiva hivyo hivyo. Mimi na umri wangu wote wa kuuza samaki sikuwahi kumla mbichi. Nilimaliza, sikumwacha, ila nawe ujue mapema. Asiyetaka achukue wa kukaanga. Na Waislamu wenzangu, soseji za pale nyingi ni nguruwe, na hata samaki wengine wanawekewa vipande vya nguruwe juu. Ukiona neno Schwein au Speck, pita.

Pesa ni euro, si pauni, na uwe na taslimu kidogo. Vyoo vingi ni vya kulipia sarafu. Chupa ya maji ya plastiki usiitupe: umeilipia senti 25 za dhamana, na ukiirudisha dukani unapewa. Ila Jumapili maduka yao yamefungwa karibu yote, kwa hiyo zawadi za nyumbani nunua hapo sokoni au usahau. Na barabarani angalia njia ya baiskeli, mara nyingi imejengwa kando ya njia ya miguu, nyingine nyekundu nyingine haina rangi tofauti. Ukiisimamia utapigiwa kengele na kuangaliwa kama mwizi.

Hapo hapo sokoni kuna gati la feri. Hapa ndipo nitakapokuokolea hela. Bandarini kuna vyombo vya kutembeza watalii, bei yake kubwa kidogo, na kuna feri namba 62, ambayo ni daladala ya mjini. Tiketi ya siku nzima ya usafiri wa mji, tuliyolipia chini ya euro kumi kila mmoja, inapanda feri, treni na mabasi. Inunue kabla ya kupanda. Usielekee mjini kwanza. Panda inayokwenda Finkenwerder, mwisho wa njia, kaa juu nje, halafu rudi nayo mpaka Landungsbrücken. Kwenda na kurudi ni kama saa moja na kitu. Upande mmoja utaona jengo la vioo lililolala kama meli inayotaka kuzama, vyombo vya zamani vya mbao vilivyohifadhiwa Övelgönne, kisha ufuko wa mchanga watu wanaota jua kando ya mto. Upande wa pili ni makontena, winchi na meli za mizigo ndefu mpaka unachoka kuzitazama. Nilitafuta winchi moja iliyosimama bila kazi, nikaikosa. Chukua koti au kanga ya pili, upepo wa pale hauna adabu hata Julai.

Landungsbrücken ni gati refu linaloelea. Unashuka kutoka feri, unapanda kidaraja cha chuma kwenda nchi kavu. Sisi tulipofika asubuhi kidaraja kilikuwa mwinuko mkali, nikashika kamba kama napanda dari. Mchana tulipopita tena, kidaraja kile kile kilikuwa karibu tambarare. Nikasimama. Ziwa letu halina kujaa na kupwa. Lilipopanda miaka hii ya karibuni likala mabanda yetu pale mwaloni, lilipanda kwa miezi, na likakaa. Hawa maji yao yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mara mbili kwa siku, kilomita 100 kutoka baharini, na gati linapanda nayo watu wakila aiskrimu juu yake. Kuna mnara wa mawe mwishoni mwa majengo, una saa kubwa na kipimo cha maji. Ukariri huo mnara, nitaurudia.

Karibu yake kuna jumba la kuba, unaingia bure. Ni mlango wa njia ya kupita chini ya mto, iliyofunguliwa mwaka 1911 kwa ajili ya wafanyakazi wa bandari. Lifti inakushusha mita 24, kisha unatembea mita 426 chini ya meli zinazopita. Ukutani kuna vigae vyenye picha za kuchongwa: samaki, kaa, hata panya na kiatu kikuukuu, yaani vitu vyenyewe vya mtoni, hawakujisifu. Ng'ambo ukitoka, geuka nyuma: mji wote umekaa mbele yako, minara na meli. Wengi wanarudia katikati ya njia, hawaioni. Swala tuliisoma huko ng'ambo kwenye kona tulivu, adhuhuri na alasiri pamoja, ruhusa ya msafiri.

Kutoka hapo, fuata mto kwa miguu dakika ishirini hivi hadi kwenye jumba la muziki, Elbphilharmonie, kioo kilichopandishwa juu ya ghala la zamani la kakao. Lilifunguliwa Januari 2017. Jiji lilitarajia kulipa euro milioni 77, likaishia kulipa milioni 789. Mjukuu alipotafuta hesabu hiyo kwenye simu nilifarijika kidogo, nikajua si kwetu tu. Huhitaji kusikiliza muziki: chukua tiketi ya kupanda ukumbi wa nje, siku yetu ilikuwa bure, na ngazi ndefu ya umeme inakufikisha mita 37 juu, unazunguka jengo zima ukitazama bandari.

Nyuma yake ndiyo Speicherstadt, mji wa maghala ya matofali mekundu juu ya nguzo za mbao, katikati ya mifereji. Ulifunguliwa mwaka 1888, na mwaka 2015 UNESCO ikauweka kwenye urithi wa dunia. Tembea madarajani tu, usipange kuingia kila mahali. Kuna maonyesho ya treni ndogo za kuchezea ambayo kila mtu atakuambia usikose. Foleni yake itakula saa zako, mwachie anayelala mjini. Mimi nilisimama nje ya ghala wanapokaanga kahawa, nikavuta pumzi. Mambo haya ndiyo yalikuwa yanaishia huku: kahawa, chai, viungo, mazulia. Mkulima wa Kalinzi, kule kwetu, anabeba gunia la kahawa mgongoni, huku wamejenga mji mzima wa kulitunza.

Mwisho nikataka nyumba moja ambayo binti yangu alinichorea kwenye karatasi: Afrikahaus, mtaa wa Große Reichenstraße, dakika kama kumi kutoka mifereji. Ilijengwa mwaka 1899 kwa kampuni ya Woermann, wenye meli zilizopeleka bidhaa Afrika, pombe ikiwemo, na askari wa Kijerumani pia. Mlangoni amesimama Mwafrika wa shaba, mkuki na ngao. Siku za kazi mtu huona na sanamu za tembo wawili kule uani. Jumapili ofisi zimefungwa. Nilimtazama yule kijana wa shaba kwa muda. Sisi watu wa Ujiji tuna miembe iliyopandwa njiani na misafara ya pembe za ndovu, watoto wanaokota maembe yake mpaka leo. Huku tembo wa sanamu wamekaa uani, wazima, na pembe zao. Mjukuu akataka kumpiga picha yule kijana wa shaba, nikamwambia piga, na mimi nisimame karibu naye.

Hapo ndipo tulipotaka kuachwa. Saa yangu ya mkononi, ya marehemu, ilikuwa inasema saa saba na dakika arobaini. Mwisho wa kurudi melini ulikuwa saa tisa na nusu, basi nikaona tuna muda wa kukaa tule. Simu ya mjukuu ilikwisha chaji kwa kupiga video. Tukakaa kidogo, tukatembea taratibu kurudi Landungsbrücken, na nilipoinua macho kwenye ule mnara, saa kubwa ilikuwa imenizidi saa nzima kasoro nukta. Ujerumani iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Simu hujibadilisha, saa ya mkononi haijui. Tukakimbilia feri 62, Jumapili mchana imejaa, ikafunga kamba na kutuacha. Ya pili tukaingia kwa kusukumana kama basi la Mwandiga siku ya mnada. Kituo cha kushukia ni Dockland, lile jengo la vioo lililolala, na kutoka pale ni dakika chache. Tulipita kwenye mashine ya kadi saa tisa na dakika ishirini na mbili. Binti yangu alikuwa juu kwenye reli, amesahau ugonjwa, ananipungia kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo ukishuka, uliza meli inafuata saa ya wapi, na uirekebishe ya mkononi hapo hapo mlangoni. Wakikuandikia 15:30, wewe na wenzako tafsirini pamoja kwamba ni saa tisa na nusu, kwa sababu nimeshasikia mtu akibishana nayo. Karatasi ya ratiba ya siku ina namba ya wakala wa bandarini. Ibebe, usiiache chumbani. Jipangie kuwa gatini saa moja kabla. Liemba ilikuwa inamsubiri mama mjamzito akishushwa kwenye mtumbwi. Hizi hazimsubiri mtu.

Na ukishapanda usiingie chumbani kulala. Meli ikishuka mto, simama upande wa kulia. Baada ya saa moja hivi mnapita Wedel, mahali panapoitwa Willkomm-Höft, ambapo tangu mwaka 1952 wanaziaga meli kwa kushusha bendera na kupiga kwa vipaza sauti wimbo wa taifa wa nchi ambayo meli imesajiliwa. Watu wa mkahawani wanasimama na kupunga vitambaa. Mjukuu akaniuliza kama wa Tanzania wanao. Nikamwambia wanao, wanangoja tu Liemba itengenezwe ije kuwasalimu ndugu zake.